Sanduku la Dawa la Mkotokuyana

(Maneno yaliyosemwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka. Tumeyachapa kama alivyoyasema.)



Katibu wa chama chetu aliponiandikia barua, alinitaka niseme machache juu ya shida na baraka za kazi ya umisheni katika nchi maskini. Pamoja na barua hiyo alinitumia swali la kijana mmoja wa Kidato cha Tatu. Kijana huyo, ambaye naamini yumo humu ukumbini, aliuliza hivi: "Mzee, kama ulifaulu mtihani wa Kidato cha Nne, kwa nini ukaenda kukaa kijijini kufundisha katekisimu?" Kijana, swali lako ni zuri, na baba yangu aliniuliza lilo hilo kwa ukali zaidi. Nitalijibu, ila itanibidi nieleze jambo moja ambalo sijapata kulisema mbele ya watu wengi. Naomba mnivumilie.

Kwanza turudi nyuma kidogo. Sisi watu wa kusini tukisikia neno "mmisionari" tunamwona Mzungu mwenye ndevu na kofia pana. Picha hiyo si ya uongo, lakini ni nusu ya picha. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA alitoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakapitia Lindi, wakapanda bara mpaka Masasi. Watu wale walikuwa wakielekea pande za Ziwa Nyasa, lakini walipofika Masasi waliipenda nchi wakakaa. Askofu mwenyewe alirudi Unguja. Waliofyeka pori, wakajenga na kulima, ni watu ambao juzi tu walikuwa mali ya watu.

Wabenediktini kutoka Ujerumani nao walifungua Lukuledi mwaka 1895, na Nyangao mwaka uliofuata. Mwaka 1905 watu wetu waliinuka katika Vita vya Maji Maji kuukataa utawala wa Wajerumani, pamoja na kodi yake na kazi zake za shuruti. Mwezi Agosti mwaka ule Askofu Cassian Spiss aliuawa njiani, upande wa Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Misheni za Lukuledi na Nyangao zikateketezwa. Mwaka 1906 kazi ikaanza tena mahali papya, Ndanda. Ikaja Vita Kuu ya 1914: Wajerumani wakawafunga wamisionari Waingereza, kisha Waingereza waliposhinda wakawaondoa wamisionari Wajerumani. Sasa nawauliza, katika miaka ile, nani alifundisha watoto? Nani alizika wafu na kugonga kengele ya Jumapili? Ni waalimu wa kanisa, Waafrika, ambao wengi wao majina yao hayakuandikwa popote. Mzungu alipoondoka, ufunguo wa kanisa ulibaki na mtu wa pale pale.

Neno hilo, ufunguo, naomba mlishike. Nitalirudia.

Mimi nilimaliza shule hapa mwaka 1977. Mwezi Januari 1980, baada ya mafunzo ya ukatekista, nilipelekwa kigango cha Mkotokuyana, Nachingwea, katika upande ule wa kuelekea Ruangwa, nao Ruangwa wakati ule bado haujawa wilaya. Nilikuwa na miaka 22, sina mke, nina baiskeli ya parokia aina ya Phoenix, sanduku la nguo na vitabu vitano. Jimbo letu liliitwa Jimbo la Nachingwea. Liliundwa mwaka 1963, askofu wake wa kwanza akiwa Arnold Cotey, Mmarekani wa Shirika la Wasalvatori. Tangu mwaka 1986 linaitwa Jimbo la Lindi.

Kanisa letu lilikuwa la miti na udongo, limeezekwa nyasi. Kengele yetu ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mwembe. Vijana, mnajua reli ile ilitoka wapi? Mwaka 1947 Waingereza walianza ule mpango mkubwa wa kulima karanga, nao Nachingwea ilikuwa mojawapo ya mahali pake, pamoja na Kongwa na Urambo. Walijenga bandari Mtwara na njia ya reli ya kuleta mitambo. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, maana ardhi, mvua na matrekta vilikataa kusikilizana, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa. Mamilioni ya fedha yalikuja na kuondoka. Sisi tukarithi kengele. Ilisikika vizuri sana.

Shida za kila siku zilikuwa hizi. Maji yalichotwa kwenye visima vya mchangani, na kiangazi kikikolea akina mama waliondoka nyumbani alfajiri wakarudi jua limepanda. Masika yakija, njia zilikatika, na padre aliyekuwa akija mara moja kwa mwezi aliweza kukosekana miezi mitatu. Mshahara wangu ulikuwa mdogo na tena haukufika kwa wakati. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 bidhaa ziliadimika nchi nzima, wazee wenzangu mnakumbuka. Mafuta ya taa hayakuwapo, tukasoma masomo ya jioni kabla jua halijatua. Sabuni haikuwapo, tukafulia majani ya mpapai. Sukari tuliisahau. Nilikula walichokula wenyeji: ugali wa muhogo na kisamvu, mbaazi zikiwapo, na ming'oko iliyochimbwa porini.

Lakini shida iliyonisumbua zaidi ilikuwa ya moyoni. Watu wengi wa pale walikuwa Waislamu, waungwana, wenye dini yao na chuo chao cha Kurani. Wakristo walikuwa kaya chache. Nilikuwa nimejiandaa kwa upinzani, kumbe hakuna aliyenipinga. Waliniitikia salamu, wakaniuliza habari za wazazi wangu, wakaenda zao shambani. Mtu aliyejiona ametumwa kuwaokoa watu huona vigumu kukaa mahali ambapo watu wanamhurumia yeye.

Kitu kimoja tu nilichokuwa nacho kikawa na thamani mbele ya wote, nacho ni sanduku la dawa. Lilikuwa la mbao, limepakwa rangi nyeupe na msalaba mwekundu, nimepewa na misheni baada ya kufundishwa wiki chache namna ya kulitumia. Ndani yake mlikuwa na klorokwini, aspirini, dawa ya minyoo, jivii ya vidonda, bandeji na mkasi. Wakati ule kidonge cha klorokwini kilikuwa ndiyo tegemeo letu kwa malaria. Siku hizi hakitumiki tena kwa kazi hiyo, maana vimelea vya malaria vilikizoea, na mwaka 2001 Serikali ilibadili dawa. Lakini mwaka 1980 kilikuwa kinaokoa maisha. Sanduku lilikuwa na kufuli, na ufunguo wake niliuvaa shingoni kwa kamba pamoja na ufunguo wa kanisa. Nilifurahi sana kuuvaa.

Jirani yangu alikuwa mzee mmoja, mwalimu wa chuo cha Kurani. Sitamtaja jina, kwa kuwa hakupenda kutajwa. Mimi nilimwita Mzee, naye akaniita Mwalimu, ingawa angeweza kunizaa. Jioni tulikaa barazani kwake tukizungumza habari za Manabii, na mara nyingi alizijua kuliko mimi. Alikuwa na mjukuu wa kike wa miaka minne, mtoto wa binti yake, aliyependa kuja kugonga reli yangu kwa kijiwe na kukimbia.

Mwezi Februari 1982 nilikwenda mjini Nachingwea kwenye kikao cha makatekista, na kuchukua mshahara. Nilipaswa kurudi Jumamosi. Nikasikia kwamba Jumapili jioni kutakuwa na mchezo wa mpira, na rafiki yangu niliyesoma naye humu humu shuleni akaniambia, "Kaa, utakwenda kesho kutwa, kijiji hakikimbii." Nikakaa. Mpira ulikuwa mzuri. Usiku ule mvua ikanyesha, mito ikajaa, nikazuiliwa siku mbili zaidi. Nilifika Mkotokuyana Jumatano mchana, nikisukuma baiskeli kwenye matope.

Yule mtoto alishikwa na homa Jumapili, akafa Jumanne alfajiri. Walikwisha mzika.

Nilielezwa jinsi ilivyokuwa. Jumatatu walikuja nyumbani kwangu. Sanduku walilijua lilipo, na mlango wangu ulifungwa kwa kamba tu. Vijana walitaka kulivunja kufuli. Mzee akawazuia. Alisema, "Ile ni amana ya watu kwa Mwalimu. Amana haivunjwi. Yu njiani anakuja." Wakamsubiri mtu aliye njiani. Wakajaribu kumbeba mtoto kwa machela kumpeleka hospitali, mto ukawarudisha. Vidonge vilikuwa mle ndani, hatua arobaini kutoka kitanda cha mtoto, na ufunguo ulikuwa shingoni mwangu, uwanja wa mpira.

Siwezi kuapa kwamba vidonge vile vingemponya. Watoto wengine walitibiwa wakafa. Lakini hilo nalisema ninyi mnaposikia. Usiku, nikiwa peke yangu, sijapata kulisema.

Nilikwenda msibani nikakaa pembeni. Mzee alinipa mkono, akaniambia, "Pole kwa safari, Mwalimu." Basi. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Siku ya tatu nilimwandikia padre barua kwamba naacha kazi, nikaanza kufunga mizigo. Ilipofika jioni Mzee akaja, akaketi juu ya sanduku lile lile, akaniambia maneno ambayo nayakumbuka neno kwa neno.

"Nimesikia unaondoka. Mwanangu, mimi nina hatia na wewe una hatia, hilo tumwachie Mungu. Lakini ukiondoka, wataleta kijana mwingine, naye atakuja na ufunguo shingoni kama wewe. Atafiwa na mama yake, au ataoa, au mto utajaa, naye hatakuwapo. Usiondoke. Kanunue kufuli lenye funguo mbili."

Niliirarua ile barua. Nilikaa Mkotokuyana miaka 13.

Kufuli lenye funguo mbili lilipatikana kwa shida, maana duka la kijiji lilikuwa tupu. Ufunguo wa pili ukatundikwa kwenye msumari nyumbani kwa Mzee, kando ya juzuu zake. Msidhani mambo yalikuwa rahisi. Baadhi ya Wakristo wangu walinung'unika kwamba mali ya kanisa imetiwa mkononi mwa shehe. Baadhi ya Waislamu nao walimwambia Mzee kwamba sasa amekuwa karani wa misheni. Yeye aliwajibu kwamba homa haijapata kuuliza mtu dini yake. Mimi niliwajibu wangu kwamba asiyependa anifuate tukamwambie mama wa marehemu. Hakunifuata mtu.

Lilibaki jambo la vipimo. Mzee hakusoma herufi za Kizungu, lakini aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wengi wa pwani na wa huku kwetu walivyokuwa wakifanya tangu zamani. Basi tuliketi siku nzima barazani, mimi nikisoma kitabu cha misheni, yeye akiandika kwa kalamu yake: mtu mzima vidonge 10 kwa siku 3, mtoto wa umri huu kiasi hiki, mtoto mchanga usimpe, mpeleke hospitali. Karatasi ile tuliibandika ndani ya kifuniko. Akatengeneza na daftari la mistari, na kila aliyepewa kidonge aliandikwa jina na siku. Mwisho wa mwezi tulihesabu pamoja. Padre alipolikagua daftari mara ya kwanza hakuweza kulisoma. Ikambidi Mzee amsomee, kwa sauti ya kisomo, kana kwamba ni Maulidi. Padre alicheka mpaka akatoa machozi, halafu akasema vidonge vimetimia kuliko vya kigango kingine chochote.

Katika wilaya ile ile ya Nachingwea alipata kuishi Mwingereza mmoja, Daktari Leader Stirling. Alikuja kusini mwaka 1935, akajenga hospitali Lulindi, Masasi, na baadaye akafanya kazi miaka mingi katika hospitali ya misheni ya Mnero. Alikuwa raia wa nchi hii, Mbunge, na Waziri wa Afya tangu 1975 mpaka 1980. Watu husimulia upasuaji wake katika nyumba ya udongo na nyasi, na ni kweli yanastahili kusimuliwa. Lakini mimi, baada ya yaliyonipata, humheshimu zaidi kwa sababu nyingine: alifundisha wauguzi Waafrika tangu miaka ya mwanzo, katika wakati ambapo wengi waliona ni mapema mno. Yaani alitengeneza funguo nyingi.

Sasa niseme habari za baraka, nisije nikawaacha na huzuni tu. Mwaka 1985 upepo uling'oa paa la kanisa letu. Nilipoamka asubuhi nilikuta wanafunzi wa chuo cha Kurani wamekwisha kata nyasi mizigo sita. Mwaka 1987 nilioa, na mahari yangu ilipopungua, ng'ambo ya barabara ilichangwa bila mimi kuomba. Niliugua homa kali mwaka 1988, nikapoteza fahamu, na aliyefungua sanduku akanipa dawa ni Mzee. Hapo ndipo nilipoelewa kwa mwili wangu ule ufunguo wa pili ulikuwa wa nani. Waliobatizwa kwa mkono wangu na wa padre miaka ile yote hawakuwa wengi, na sikuwa na takwimu nzuri za kumpelekea Askofu. Lakini naweza kusimama mahali popote nikasema kwamba pale Mkotokuyana niliaminiwa mara ya pili, na sijui baraka iliyo kubwa kuliko hiyo.

Mzee alifariki mwaka 1991. Wakristo wote wa kigango walikwenda mazikoni, wakasimama kimya nyuma ya wanaosali. Baada ya arobaini niliitwa nyumbani kwake. Ufunguo ulikuwa bado kwenye msumari. Nikauliza nani atauchukua. Binti yake, mama wa yule mtoto, akanyanyuka akauvua msumarini, akauvaa shingoni. Hakusema neno. Wakati ule alikuwa amekwisha hudhuria mafunzo ya wahudumu wa afya wa kijiji, tena alizisoma herufi zote, za Kiarabu na za Kizungu. Mimi nilihamishwa mwaka 1993. Yeye alibaki na sanduku.

Ndugu Mwenyekiti, nimeona katika ajenda yetu ya leo kwamba chama kinataka kuchanga fedha za kupeleka vitabu na dawa za huduma ya kwanza katika shule za vijijini. Nitachanga, tena kwa moyo mkunjufu. Ila naomba kamati iandike katika kumbukumbu zake swali moja kabla ya kununua chochote: ufunguo atakaa nao nani, na akiwa safarini, wa pili atakuwa nao nani? Kama jibu la swali hilo ni mtu mmoja anayeishi mjini, fedha zetu zingoje kwanza. Na kama mwenye ufunguo wa pili si wa dini yetu au si wa kabila letu, lakini watu wa pale wanamwamini, basi apewe.

Na wewe kijana wa Kidato cha Tatu, umeniuliza kwa nini nilikwenda. Kwa kweli nilikwenda kwa sababu za ujana: nilitaka kuitwa Mwalimu, na nilitaka ile baiskeli. Hizo hazikunitosha hata miaka miwili. Kilichonibakiza ni mzee mmoja aliyekuwa na kila sababu ya kunifukuza, akaja akaketi juu ya sanduku langu akaniambia nisiondoke. Mitihani ufaulu, chuo kikuu uende, tunakuombea. Lakini popote utakapopewa ufunguo, uwe wa zahanati, wa ghala au wa ofisi, siku hiyo hiyo tafuta mtu wa kumpa ule wa pili.

 Mungu aibariki shule yetu.